Mashine ya Soda na Udi wa Mama

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Tangu nikiwa mdogo mama akiniuliza, "Wewe mtoto, umekalia mwiba?" Na mpaka leo, mwanamke mzima, mwalimu wa fizikia katika skuli ya wasichana hapa Ibra, nchi ya Kiarabu, siwezi kumaliza kikombe kimoja cha chai bila ya kuinuka mara tatu. Nainuka kufuata kitu, nikifika nimeshasahau nimefuata nini, basi nachukua ufagio nafagia.

Mwaka ule ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kaka yangu alitaka kunichukulia mama.

Nisimuonee. Kaka ni mkubwa wangu, ana nyumba pana kule Nizwa, mke mwema, watoto wanne, na chumba cha chini chenye choo chake ndani, hakuna ngazi hata moja. Mimi na mama tulikuwa wawili tu katika nyumba aliyotuachia baba. Niliolewa zamani na nikaachika zamani, watoto sikujaaliwa. Asubuhi nikienda skuli, mama alibaki peke yake mpaka mchana, akisinzia mbele ya televisheni inayosoma habari kwa Kiarabu asichokifuata. Yeye Kiswahili chake ni cha mjini Unguja, alichoondoka nacho akiwa msichana, na Kiarabu alichojifunza baadaye anakisema nusu nusu. Kila kaka akija kututizama, humkuta pale pale, kochi lile lile, ubavu ule ule.

"Mama anazeeka kwa kukaa," akiniambia uwani, kwa sauti ya chini. "Kwangu kuna watu. Baada ya Iddi Kubwa nitamchukua, khalas, na wewe usinililie."

Kibaya zaidi ni kuwa alikuwa na haki. Ningekuwa na la kumjibu, wallahi ningemjibu, maana mdomo sikunyimwa. Nilichokuwa nacho ni woga tu. Nikiifikiria nyumba ile bila ya kikohozi cha mama alfajiri, bila ya mtu wa kuniuliza mbona umechelewa, nilishika ufunguo wa gari. Sikumwambia mtu. Nikawa naendesha gari huku na huko bila ya safari.

Ndivyo nilivyojikuta Sur Jumamosi moja, sina nililolifuata. Nilimuaga mama kuwa nakwenda kununua samaki. Nikapita sokoni sikununua, nikapita ufukweni sikushuka, nikashika njia ya Qalhat, na kabla sijautoka mji nikaiona. Ilikuwa imesimama nje ya mkahawa uliofungwa: mashine ya soda ya kizamani, ya chupa za kioo, buluu iliyokwajuka kwa jua, miguu imeliwa na kutu. Ile yenye kimlango chembamba ubavuni. Unatia sarafu, unafungua, shingo za chupa zimejipanga moja juu ya nyengine zinakutizama, unaivuta yako. Pembeni pana kijino cha chuma cha kung'olea kizibo.

Nilisimamisha gari katikati ya njia mpaka mtu wa nyuma akanipigia honi. Ilikuwapo moja kama ile katika kituo cha petroli, njia ya Samad, tulipokuwa watoto, na baba akitusimamisha pale kila tukienda kwa jamaa zake. Kaka akitia sarafu kwa kuwa ndiye mkubwa, na mimi nikivuta chupa. Mama alikuwa hashuki garini, lakini soda yake akiitaka iwe baridi khasa, na akiirudisha isipokuwa baridi.

Mwenye mkahawa, mzee wa watu, alitoka na kikombe chake cha kahawa akanisikiliza, kisha akacheka. Akaniambia haijafanya kazi tangu watoto wake hawajaoa, na ndani wamezaa paka. Nikamwambia naitaka hivyo hivyo, na paka. Bei siisemi; mama aliniapisha nisimwambie mtu, na kiapo ni kiapo. Siku ile mimi sikuwa nimewahi kukarabati hata mguu wa kiti.

Pikapu ilipofika nyumbani na watu watatu wakaishusha wakihema, mama alitoka mlangoni na leso yake mabegani. Akaitizama juu mpaka chini, akaizunguka, akanitizama na mimi.

"Samaki gani huyu?" akauliza.

Nilidhani atanigombeza. Badala yake alikwenda akafungua kile kimlango, akatia mkono ndani, akautoa na unyoya wa paka. "Kwetu Unguja," akasema, "soda ilikuwa na gololi shingoni. Ukiisukuma inalia. Sasa hii, mwanangu, utaitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe usiyemaliza chai?"

Nikajua nitaimaliza hata kama nitakufa.

Tukaiweka kwenye banda la gari, gari nikaliacha juani. Kuanzia siku ile, kila nikitoka skuli navua abaya, navaa dishdasha, ile kanzu kuukuu ya baba, naingia bandani. Siku ya kwanza mama alikuja kuchungulia tu. Siku ya pili alikuja na kigoda. Siku ya tatu nikamkuta ameshakaa ananingoja, na mbele yake kwenye sinia amepanga finjani zetu za kahawa, zote kumi na mbili.

"Hizi za nini, mama?"

"Za misumari yako. Jana umeimwaga yote pamoja. Hii ya mlango, hii ya miguu, hii ya mgongoni. Ukirudisha utajua wapi ilitoka?"

Mama ni mshonaji wa kofia. Si kushona kwa cherehani. Zile za mkono, za vitobo, ambazo mtu huanza moja wakati wa baridi akaimaliza wakati wa joto. Akikosea kitobo kimoja, hufumua safu nzima, hanung'uniki, anaanza upya. Macho yalipompungua aliacha, na nadhani hapo ndipo alipolala kwenye lile kochi. Sasa macho yale yale mabovu yakaamka. Akipitisha kidole kwenye bati nililokwishalisugua kwa msasa, akasema, "Hapa hujasugua." Mimi nikisema nimesugua. Yeye akisema, "Kidole hakisemi uongo, rudia." Nikirudia, huku nanung'unika kwa niaba yetu sote wawili.

Tuligombana kila siku na tulicheka kila siku. Alinishikia tochi ikawa inamulika dari. Alikataa rangi ya kijani niliyoileta akasema ni rangi ya mlango wa choo, nikairudisha dukani, nikaleta buluu. Aliosha vile vitundu vya kupangia chupa kimoja kimoja kwa sabuni na ndimu. Jioni miguu ikimuuma akikataa kuingia ndani. Na mimi, mtu wa kuinuka kila saa, nilikuwa naweza kukaa chini sakafuni saa nzima nikichokonoa kutu, kwa sababu kulikuwa na mtu juu ya kigoda anayehesabu kazi yangu.

Hapo ndipo fikra ikaniingia. Kaka akija, asimkute mama kwenye kochi. Amkute bandani, na sinia lake, na mikono ina mafuta, na mashine inanguruma. Atie sarafu yeye, nivute chupa mimi, ampe mama soda baridi khasa. Aone kwa macho yake kuwa mama ana kazi hapa na mimi ninamtosha. Nikaifanya mashine ile wakili wangu. Kaka alisema atakuja Alkhamisi kabla ya Iddi, siku skuli zinafungwa, tule pamoja na tupange mambo ya mama. Nikajipa mpaka siku hiyo.

Fundi wa mafriji alikuja Jumatano. Akatia gesi, akaibembeleza mota, ikaitika. Lakini alipomulika nyuma akatikisa kichwa. Waya zilikuwa za zamani, ngozi zake zimepasuka zinapukutika. Akasema atarudi Jumamosi na waya mpya na viungo vyake, na nisiiwashe kabla. Mama alikuwepo, alisikia.

Jumamosi! Kaka anakuja kesho, huyu ananiambia Jumamosi! Usiku ule sikulala vizuri. Alkhamisi baada ya sala ya alfajiri nikaingia bandani na kisu, nikamenya zile waya mbovu, nikazisokota na kipande cha waya wa taa ya uwani, nikazifunga tepu nyeusi, nikatia plagi. Nikawasha.

Ikanguruma! Mama akatoka na mswaki mkononi. Tukasimama pale kama watu waliozaa. Baada ya muda nikautia mkono wake ndani, akasema, "Yaa Rabbi, baridi!" akauacha humo humo hataki kuutoa. Nikapanga chupa kumi na mbili, shingo nje. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga mbio barabarani.

"Fundi hakusema ungoje?" mama akauliza.

"Mama, mimi nafundisha fizikia."

"Haya, mwalimu. Basi si uizime ukiondoka?"

"Nikiizima itapata baridi saa ngapi? Iache. Kaka akija aikute tayari."

Alinitizama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilipokuwa narudi nyuma na gari nilimuona kwenye kioo anapepea mkaa kwenye chetezo chake, kile cha udongo chenye nakshi nyekundu. Nilijua anafanya nini. Kwetu kitu kipya hakionyeshwi watu kikavu. Nguo ya Iddi, mtoto wa siku arubaini, gari jipya, shuka za mgeni, vyote hufukizwa udi kwanza, vipate harufu na vitokwe na jicho la watu. Kaka anakuja kuitizama mashine. Mashine lazima inukie. Hata ningesimama kumkataza asingenisikia, na wala sikufikiria kumkataza.

Saa sita jirani akanipigia simu skuli. Mwanamke mpole, lakini siku ile alikuwa anapiga kelele: moshi, banda lenu, mama yuko salama, njoo.

Sijui nilifikaje. Nilikuta gari la kaka limeshasimama mlangoni, na jirani na mpira wa maji mkononi. Moto wenyewe ulikuwa umeshakufa. Maji meusi yalikuwa yanatoka bandani mpaka njiani, na ile buluu yetu imevimba na kubabuka upande mzima wa nyuma. Chupa zimepasuka. Mama alikuwa amekaa nje juu ya kigoda chake, leso imelowa, usoni ana masizi. Ndani ya banda, dirishani, chetezo kilikuwa kimekaa wima kwenye sahani yake, na mkaa ndani umekuwa jivu. Nilikiona. Nakikumbuka hivi sasa namna kilivyokaa. Lakini nilikiona kama mtu anavyomuona mwizi, sikuhitaji kuona zaidi.

Kaka alitoka bandani anajifuta mikono. "Nani aliyewasha moto humu?"

Damu ikanipanda mpaka machoni. "Muulize mama yako!" nikasema. "Ametia chetezo ndani ya mashine! Siku zote udi, udi, udi! Kila kitu lazima akifukize!" Kisha nikamgeukia mwenyewe, mama yangu mzazi, mbele ya jirani na mbele ya mwanawe wa kiume, nikampandishia sauti ambayo sikuwahi kumpandishia tangu nizaliwe. "Umeniharibia kila kitu, mama! Kila kitu!"

Mama alijifuta masizi kwa ncha ya leso. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Akautizama moshi, akamtizama kaka.

"Ndiyo," akasema. "Nilifukiza."

Kaka akanishika mkono, akanivuta pembeni, akasema polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Umeona sasa?"

Nimeona nini? Nilikuwa nimemkabidhi kesi yote kwa mdomo wangu mwenyewe. Mzee anayebaki peke yake nyumbani na makaa ya moto: hata hakimu asingeomba ushahidi mwengine. Iddi tulikula nyama hatuongei, na siku ya tatu ya Iddi kaka akampakia mama. Mama alichukua nguo zake, msahafu wake na bweta la nyuzi asizozitumia. Nilimletea chetezo garini, nimekisugua, nimekifunga kwenye gazeti. Akakirudisha mikononi mwangu.

"Hicho kibaki," akasema.

Ile likizo sitaki kuikumbuka na ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Joto la Ibra mnalijua wenyewe. Nilifagia nyumba isiyo na vumbi. Nilihamisha kochi la mama kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, kisha nikalirudisha, kwa sababu nilipolihamisha pale mahali pake palikuwa panaonekana zaidi. Niliendesha mpaka Sur nikarudi, niliendesha mpaka Manah, karibu kabisa na kwa kaka, nikageuza gari nikarudi bila ya kubisha hodi. Nilikuwa na hasira na mama, nikawa na aibu ya kuwa na hasira, nikawa na hasira kwa ajili ya aibu. Mashine niliifunika shuka kuukuu na kulifunga banda.

Kila siku baada ya sala ya alasiri mama alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Umelala? Mashine umeifungua?"

"Sina hamu nayo."

"Haya."

Kila siku. Umekula, umelala, umeifungua. Mwisho ikawa inanikera. Siku moja nikamjibu, "Mama, nifungue nini, si imeungua?" Akasema, "Iliyoungua ndiyo hufunguliwa," na akaanza kunisimulia mjukuu wake aliyeng'oka jino. Watoto wa kaka wanamsemesha kwa Kiarabu, yeye anawajibu kwa Kiswahili, wanacheka. Hakuwahi kuniambia anateseka kule, na ukweli ni kuwa hakuwa anateseka. Alikuwa analishwa na kuheshimiwa na kukaa kwenye kochi jipya.

Skuli zilipofunguliwa nikaamua kuiondoa. Nilimuita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaja, akaigonga gonga, akasema ataichukua lakini nimtolee mota na bomba za shaba mbali, maana hizo zinakwenda kwengine. Atarudi baada ya sala ya Ijumaa. Basi Ijumaa asubuhi nikalifungua banda, nikaivua shuka, nikachukua bisibisi nikazunguka nyuma. Misumari ya mgongoni ilikuwa ni nane. Nakumbuka niliitia kwenye finjani bila ya kufikiri, moja moja, kama nilivyofundishwa.

Bati lilipotoka nikaelewa kabla sijataka kuelewa.

Weusi wote ulikuwa nyuma, chini, karibu na mota. Ulianzia mahali pamoja, padogo, pa kufunikwa kwa kiganja. Hapo palikuwa na waya wangu wa taa ya uwani, umeyeyuka, na ile tepu yangu nyeusi imekuwa makaa. Kutoka pale moto ulipanda juu kwa nje. Nikazunguka mbele kwa magoti, nikafungua mlango mkubwa, nikaisukuma kando mivunjiko ya chupa. Bati jeupe la ndani, chini, pale ambapo mama angeweka chetezo, lilikuwa safi. Lina vumbi, halina hata alama ya kaa moja. Nilipoingiza kichwa, baada ya miezi yote ile, mlikuwa mnanukia udi.

Nilikaa sakafuni. Mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nawaandikia wasichana wa watu ubaoni: waya mbovu, kiungo kilicholegea, joto. Nawatahini. Wakikosea nawakata. Nililia kwa sauti, peke yangu, mpaka mwadhini akaanza kuita.

Mnunuzi wa vyuma sijui kama alirudi. Mimi nilikuwa njiani, nimeshapita Samad, kile kipande cha waya nimekifunga kwenye leso ya mkononi, na chetezo kiko kiti cha mbele. Nilikuwa najua vizuri ninakwenda kupoteza nini. Kaka akijua kuwa ni mimi niliyeacha umeme mbovu ukiwaka na mama yumo ndani, basi si kumrudisha tu. Hata kulala kwangu usiku mmoja hatomruhusu. Mara mbili nilipunguza mwendo. Kugeuza sikugeuza.

Niliwakuta wamemaliza kula, wamekaa kwenye majlis, sebule yao ya wageni, dele la kahawa katikati na haluwa. Nilimuamkia mama, nikambusu mkono na paji la uso. Nikamuamkia kaka. Mke wake akanimiminia kahawa, nikaiweka chini. Sikuketi. Nikaifungua leso nikaiweka mbele ya kaka juu ya zulia.

"Nini hii?"

"Waya niliouunga mimi," nikasema. "Fundi alinikataza. Mama alinambia nizime. Sikuzima. Moto ulitoka hapa. Mama hakuunguza kitu, kaka. Nilimsingizia, na nilimfokea mbele yako, na nimekuja kusema mbele yako kuwa mwenye makosa ni mimi."

Kaka aliuokota ule waya akaugeuza geuza. Uso ulimbadilika. "Ya'ni uliacha kitu hiki kinawaka," akasema, "na mama yumo ndani peke yake? Na bado ukamfokea? Na unakuja leo unataka nini, nikurudishie mama akaungulie kule?"

Swali hilo nilikuwa nishalijibu njiani.

"Mimi sirudishwi," mama akasema. "Mimi si bakuli la jirani. Nikienda naenda kwangu."

Sote tukamgeukia. Alikuwa anamalizia kipande chake cha haluwa, hana haraka.

"Mama," kaka akasema, "umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Hata kabla yake nalijua. Udi niliutia nikautoa, nikakiweka chetezo dirishani, nikaingia ndani kupika na kukoga. Nilipotoka nikasikia harufu. Harufu ya udi na harufu ya waya mimi sizijui? Nikaiona inatoka moshi nyuma, nikampigia jirani ukelele."

Nikakaa, hatimaye. "Mbona hukusema? Mama, mbona ulisema ndiyo?"

"Nilisema nilifukiza. Si nilifukiza?" Akaipangusa mikono. "Ningesema waya, kaka yako angekwambia nini? Mimi mzee, nikikosea watu husema uzee huo, yanakwisha. Wewe ungeambiwa mpaka ufe kwamba ulitaka kumchoma mama yako. Nikasema nitanyamaza, atafungua mwenyewe, ataona mwenyewe, na atakuja. Basi nikakaa hapa nikingoja ufungue. Kila siku nakuuliza. Nikasema hata huyu mtoto asiyetulia, hafiki mwezi." Akanitizama kwa yale macho yake mabovu. "Umefanya miezi mitatu. Na siku ile hukuniuliza. Kaka yako ameuliza nani. Wewe hukuniuliza kitu."

Hapo ndipo iliponiuma khasa. Nilikisogelea kiti chake nikaweka kichwa changu magotini pake, mbele ya watoto na wote, nikamwomba radhi. Alinipapasa kichwa mara mbili tatu, kisha akanisukuma, akasema ninamlowesha nguo ya Ijumaa.

Kaka alisema mengi jioni ile, na mengi yalikuwa ya haki. Alikubali mama arudi Ibra kwa masharti: atakuja fundi wake mwenyewe kupima umeme wa nyumba nzima, jirani atakaa na mama asubuhi, na mama atakuja Nizwa kila mwisho wa mwezi. Tuliyakubali yote. Mama alimuuliza kama anakumbuka mashine ya kituo cha petroli, na kaka, ambaye alikuwa bado amekunja uso, akasema anakumbuka, na kwamba mimi nilikuwa navuta chupa kwa pupa mpaka inanimwagikia. Akabeba bweta la nyuzi mpaka garini kwa mikono yake.

Tulipokuwa tunafunga mikanda nikauona ule waya mkononi mwa mama. Alikuwa ameuokota kwenye zulia. Akaufunga vizuri kwenye leso yangu, akafungua mkoba wake, akautia ndani, akafunga zipu.

"Wa nini huo, mama?"

"Siku utakayonipandishia sauti tena," akasema, "nitakuonyesha."

Akakipakata chetezo, akaniambia niendeshe taratibu. Mashine sasa inafanya kazi, kwa waya alizounga fundi, na soda zake ni baridi khasa, ingawa zinanukia udi kidogo. Ule waya wangu uko mkobani mwake mpaka leo.